Leso Juu ya Mashine ya Mwanaheri

Mwanaheri, shoga yangu,

Mola akurehemu na akupanulie kaburi lako. Nimetanguliza dua kwa sababu nikianza na yaliyomo moyoni nitakosa adabu, na wewe huko uliko huna njia ya kunijibu. Haya, dua nimeomba. Sasa nisikilize, maana nimekukasirikia.

Nimekukasirikia kwa ajili ya logi zako.

Wenzangu wakiwaandikia marehemu wao huwapa habari za harusi, za watoto waliozaliwa, za nyumba iliyopakwa chokaa. Mimi nakuandikia habari za mafaili. Ndiyo hali uliyoniachia. Yale mafaili ambamo programu yako iliandika kila ilichofanya, bila kuacha hata chafya: ujumbe umeingia kutoka Faza, nimeusoma, nimeagiza stoo, nimemwarifu mtu wa boti, nimelala, nimeamka. Nani alikwambia programu ikilala nayo iandike kuwa imelala? Wallahi, Mwanaheri, hata mke mwenye wivu hataki habari nyingi namna hiyo.

Unakumbuka Bwana Athman alivyokuwa akijisifu kwa wageni? Mkubwa wetu huyo hakupata mgeni hapa ofisini Amu asimsimamishe mbele ya meza yako. "Hii inajiendesha yenyewe," husema. Muuguzi wa kisiwani atuma ujumbe kwa simu kwamba dawa fulani inakwisha, programu inamjibu "Tumepokea", inatoa oda, stoo wanafunga sanduku la barafu, boti inakwenda. Hakuna mkono wa mtu. Na wewe ulikuwa ukikaa pale, ukichezea ncha ya buibui lako, unatabasamu.

Sasa najua ulikuwa ukitabasamia nini. Ilikuwa haijiendeshi. Ulikuwa ukiiendesha wewe! Kila Alhamisi, mimi nimeshajifunga buibui niko mlangoni, wewe hunambia, "Ningoye kidogo, namalizia." Kumbe ulikuwa ukifuta logi kuukuu kwa mkono, moja moja, ili diski ya kompyuta isijae. Halafu huifunika mashine kwa ile leso yako ya zambarau isiingie vumbi, tukaenda zetu kununua mahamri. Miaka yote hiyo, kazi ambayo mashine ingeifanya yenyewe kwa mistari michache ya maandishi, uliifanya kwa vidole vyako, na hukumwambia mtu. Kwa nini? Ulikuwa huamini programu uliyoitunga mwenyewe? Au ulipenda tu kuziangalia kabla hujazifuta? Najiuliza, sina wa kumuuliza.

Siku ile ulisema kichwa chakuuma, unakwenda kujinyoosha kidogo. Ukaifunika mashine, hukuizima, kwa kuwa ulidhani baada ya alasiri utarudi. Magharibi tukaletewa habari. Asubuhi tukakuzika. Mpaka leo sijui nilikujibu nini ulipoaga, na hilo pia linanikera.

Nikuambie sasa yaliyofuata, na ukasirike na wewe.

Tulipotoka matangani nilimwendea Bwana Athman. Nikamwambia nataka kuifungua mashine ya Mwanaheri, nione kilichomo, nijue inavyotunzwa. Akanitazama kana kwamba nimeomba kukufukua. "Bi Salma," akasema, "vitu vya marehemu haviguswi mpaka arubaini yake isomwe. Hata maji ya kaburi hayajakauka." Nikamwambia mashine ni ya ofisi. Akasema, na leso je? Leso ni ya warithi. Na wote mle ndani wakanigeukia: mtu wa stoo, mwenye kupokea simu, hata yule anayetuletea chai. Kila mmoja ana la kusema kuhusu haraka yangu. Eti ningoje. Eti nakitaka kiti chako, na maiti hajapoa.

Mimi! Nikitake kiti chako, chenye mguu mmoja mfupi!

Basi leso ikakaa. Watu wakipita pale wanateremsha sauti, wanakusomea Fatiha. Mwenye kupokea simu akaleta maua ya asumini akayaweka juu yake. Nami nilipenda, sitakuficha, nilipenda kuona wanavyokuheshimu. Lakini Alhamisi ya kwanza ikapita, ikapita na ya pili, na hakuna aliyesema "Ningoye kidogo." Chini ya asumini na zambarau, logi zako zikawa zinaandika tu. Nimelala. Nimeamka. Nimelala.

Mpaka diski ikajaa.

Na hapo ndipo uliponimaliza. Mashine ingezimika kabisa, tungejua. Lakini wewe, kwa upole wako, ulipanga programu imjibu muuguzi kwanza, asikae roho juu, halafu iandike logi, halafu ndipo itoe oda. Basi ikawa inajibu "Tumepokea", inataka kuandika, haipati nafasi, inasimama hapo hapo. Oda haitoki. Kutoka Kiunga mpaka Faza, wauguzi wanajibiwa kwa adabu kabisa, na stoo sisi tunasema alhamdulillahi, wiki hii watu wana afya.

Aliyepiga simu ni Sista Halima, muuguzi wa Faza. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelia akamaliza. Akaniuliza kama ofisi imefungwa kwa msiba, tuseme, watu wajue. Ametuma ujumbe wa insulini, akajibiwa. Ametuma tena, akajibiwa. Sanduku halikuja. Na sasa mgonjwa wake wa sukari ameletwa akiwa hajitambui.

Nikauliza ni nani. Akasema, "Ni mamake Mwanaheri."

Shoga, niliitoa leso ile kwa nguvu mpaka asumini ikamwagika chini. Hakuna aliyenizuia. Kioo chote kilikuwa kimejaa onyo moja la diski kujaa, lililojirudia kutoka juu mpaka chini, na lilikuwa pale siku zote tulizokuwa tukipita na Fatiha zetu. Bwana Athman akalisoma, akakaa chini kwenye kiti chako. Kikayumba.

Kama ningebaki kutengeneza mashine ningepoteza siku. Nikaenda stoo, nikafunga sanduku mwenyewe, nikalipakata kwenye boti mpaka Faza. Yaani, mpaka mkondo wa Mkanda. Maji yalikuwa yamekupwa, boti haipiti, tukakaa kwenye mlango wa mikoko tunangoja. Mtu wa boti ananipa pole, mimi nakutukana wewe. Samahani, lakini nilikutukana. Nilisema: mwanamke huyu aliitunga kazi yote hii kwa sababu mamake anaumwa sukari na boti za Faza hazina uhakika, na sasa kazi hiyo hiyo itamuua mamake. Nililia kwa hasira, si kwa huzuni. Huzuni ilikuja baadaye.

Tulifika. Sista Halima alikuwa amemtundikia dripu, akampa insulini, tukakaa. Kesho yake asubuhi mamako, Bi Rukia, akafungua macho, akanitambua, akauliza kama nimekula.

Nilimuuliza kwa nini hakupiga simu. Mtu anakosa dawa, anaishiwa na nguvu, na namba yangu anayo. Unajua alinijibu nini mamako? "Mwanangu, nilijua haitakuya tena. Alokuwa akiileta si mumemzika?"

Hivyo tu. Hakulaumu. Aliona ni jambo la kawaida, kama taa kuzimika mafuta yakiisha. Na mimi niliyesomea kompyuta, niliyekuja na maelezo yangu ya diski na logi, niliyarudisha mkobani, kwa kuwa alikuwa amesema kweli tupu. Alokuwa akiileta tulimzika.

Nimerudi Amu nimekaa kwenye kiti chako, arubaini na ingoje huko. Nimeipanga mashine ifute logi zake yenyewe: za wiki hii zikae, za zamani zibanwe, za zamani zaidi ziende. Diski ikikaribia kujaa, onyo linakwenda kwenye simu yangu na ya Bwana Athman, tena linapiga kelele. Oda inatoka kwanza, majibu ya adabu baadaye. Paswadi tunayo watu wawili. Ni kazi ya nusu siku, Mwanaheri. Nusu siku! Nikikumbuka hilo natamani nikupige kofi, kisha nikukumbatie.

Lakini kabla ya kuzifuta zile kuukuu ilinibidi nizipitie, na hapo nikakwama. Sikuwahi kuzisoma. Nani husoma logi? Nikakuta si lugha ya mashine, ni wewe. Umeipa programu maneno yako yote. Mtandao ukikatika: "Ndia imefungwa, nangoya." Stoo wakichelewa: "Hawa nao wamelala." Na kila sanduku la Faza likifika, muuguzi akithibitisha, mstari mmoja: "Dawa ya mama imefika. Haya, nipumue."

Kurasa na kurasa. Nipumue, nipumue, nipumue. Bwana Athman alisimama nyuma yangu akasema tuziweke tu, tununue diski nyingine, ni sauti ya marehemu. Machozi yalikuwa yakimtoka, maskini. Nikamwambia, Bwana Athman, kwa kuweka weka ndivyo tulivyomkosesha mamake dawa. Nikabonyeza. Zikaenda. Nilikukasirikia upya kwa kunifanya niwe mimi wa kuifanya kazi hiyo.

Ila maneno ndani ya programu sikuyagusa. Alhamisi iliyofuata sanduku likaenda Faza, nikakaa nikiangalia. Sista Halima alipothibitisha, mstari ukajiandika, mpya, chini kabisa ya faili: "Dawa ya mama imefika. Haya, nipumue." Utafutwa ukifika wakati wake, na sanduku lijalo litauandika tena.

Nakuahidi, shoga: maneno hayo hayabadilishwi maadamu niko ofisini humu, hata waje wakaguzi watake Kiingereza. Na Alhamisi sitoki mpaka niyaone. Leso yako nimeifua, nimempelekea mamako. Mashine sasa haina kitu juu, na vumbi lipanguswe na kila anayepita. Lala salama, Mwanaheri. Hasira yangu itapungua, nipe muda.

Sikuwa na nia ya kukuandikia. Nimetumwa. Nilimpigia Bi Rukia nikamsomea ule mstari wako, akanitaka nirudie, nikarudia. Kisha akasema, "Mwambie nimepata."

Amepata, Mwanaheri. Pumua.

Salma wako