Tangazo la Kimoyomoyo

3 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo? Sisi wazima, ila koo langu limeanza vituko. Natangaza mabasi kituoni, sauti inakatika, abiria wanasikia nusu safari. Wamenipiga picha ya shingo kwenye mashine ya sumaku, kama hiyo unayoendesha wewe. Daktari ameona doa karibu na koromeo. Anasema huenda wakapasua, na sauti inaweza isirudi. Mtangazaji bila sauti atatangaza nini? Naogopa, sikufichi. Nimekuwekea humu diski ya picha zenyewe.

Dada yako

16 Machi

Dada,

Shikamoo. Natumaini unakula vizuri. Picha nimezitazama mpaka macho yakauma. Kazi yangu ni kuzipiga, kuzisoma ni kazi ya daktari, lakini doa lako lina wenzake. Yapo mengine kando yake, yamefifia, yamepangana mpaka nje ya ngozi, kwenye hewa tupu. Uvimbe hauoti hewani. Mashine hizi huchora polepole; kitu kikitikisika, hukichora hata mahali ambapo hakipo. Kumeza mate tu kunatosha. Ulikuwa unafanya nini humo ndani? Usinidanganye, maana ni wewe uliyenifinya utoto mzima ukiniambia "tulia".

Mdogo wako

29 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Chakula nakula, usingizi ndio sina. Daktari naye aliniuliza kama nilitulia, nikamjibu nilitulia kama gunia. Niliona aibu. Mashine ilipoanza kugonga nilijiona nimezikwa mzima, basi nikawa natangaza safari, mdomo nimeufumba, koo linafanya kazi. Jana nimemwambia ukweli. Hakunigombeza, alisema picha ile ilikuwa inamtia shaka, na tutarudia kabla ya kisu. Sasa nifanyeje nisimeze?

Dada yako

8 Aprili

Dada,

Shikamoo. Waombe kitambaa cha kufunika macho kabla hujaingia, usijione umezikwa tena. Mashine hupumzika kati ya picha na picha. Meza hapo, hata mara kumi. Ikigonga, pumua kidogo kidogo, ulimi ulale. Tulia, Dada.

Mdogo wako

20 Mei

Dada,

Shikamoo. Mbona kimya? Kila anayelala kwenye mashine yangu namwona wewe. Niandikie hata mstari mmoja.

Mdogo wako

2 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba mbili, kwa barua mbili. Nisamehe, nilitaka nikuandikie nikiwa na uhakika. Doa halipo. Daktari anasema sauti imechoka tu kwa makelele ya miaka, akanipiga marufuku kusema mwezi mzima. Wenzangu wanadai kituo hakijawahi kuwa na amani kama hiyo. Jana nimerudi kwenye kipaza sauti.

Kuna jambo sikukuambia. Siku ile ya kwanza kwenye mashine sikuwa natangaza safari zote. Nilitangaza moja tu, basi la kutoka huko kwako, kwamba linaingia na wewe umo, nakutaja kwa jina. Nikimaliza naanza tena. Tangu tumzike Baba hujarudi, na mimi sikutaka kukubembeleza.

Mara ya pili nilinyamaza kama ulivyonielekeza, picha ikatoka safi. Lakini nimechoka kukutangaza kimoyomoyo. Niambie unapanda basi siku gani, nikutangaze kwa sauti.

Dada yako