Pedi ya Kushoto

Jumapili, 4 Mei

Gari limeanza kulia. Mlio mwembamba, chuma na chuma, kila baba anapokaribia geti. Pedi za breki zimekwisha. Nikasema tulipeleke kwa fundi wa pale kona. Kosa! Baba akanitazama kama nimemtukana. Yeye, aliyeendesha mabasi mpaka anastaafu, ambaye mtaa mzima umembandika jina la Taratibu, gari lake lifungwe breki na mtu wa kona? Mama akasema nimwache, mkono wake umezoea.

Basi, mchana kutwa uani. Mimi mtoa spana, kama utotoni. Ila leo mambo yalikwenda ovyo. Kapandisha jeki kabla ya kulegeza nati. Kushika spana — gurudumu likazunguka naye hewani! Na ni yeye aliyenifundisha: nati kwanza, jeki baadaye. Akashusha, akalegeza, akapandisha upya, lawama zote kwa jeki.

Halafu spana ikapotea. Tumeitafuta chini ya gari, kwenye maua, mpaka jikoni. "Kitu hutafutwa kilipoachwa," anasema, wimbo wake wa siku zote. Ilikuwa mfukoni mwake. Tukacheka sana. Mama alicheka kidogo kuliko sisi.

Upande wa kulia alifunga safi, nilimwona. Wa kushoto sikuona, kaka alipiga simu nikaingia ndani. Kurudi, gurudumu lishafungwa na baba ananawa mikono.

Jumanne, 6 Mei

Linalia kuliko mwanzo! Sasa linasaga. Baba anasema pedi mpya zina ukaidi, zitazoea. Jirani yetu mshonaji katoa kichwa dirishani kuuliza kama tumefungua kinu. Baba akamwambia cherehani yake ikinyamaza kwanza, ndipo aje kusikiliza magari ya watu.

Kelele si kitu. Kilichonitia hofu ni hiki: leo tulikwenda sokoni, wao mbele, mimi nyuma. Baba akikanyaga breki, gari linavuta kulia. Kila mara. Anaurudisha usukani bila kukatisha maneno, eti barabara imeinama.

Na mama naye, maneno njia nzima. Ona lile duka limepakwa rangi. Ona, hiyo hapo kona ya kwa mwalimu. Taa zile siku hizi zinachelewa kuwaka kijani, eh? Redio isiyozimwa! Nimeshuka kichwa kinaniuma.

Alhamisi, 8 Mei

Baba alikwenda kwa kinyozi. Kwa kinyozi ni nusu siku: nywele chache, maneno mengi. Mimi kazini nimesingizia jino.

Nikalegeza nati. Jiwe nyuma ya gurudumu. Jeki. Nikavua gurudumu la kushoto, nikafungua kalipa, ile koleo inayozibana pedi — Mungu wangu. Pedi ya ndani ameiweka kinyume. Ubao wa chuma ndio umetazama diski, na upande wa kusugua umeangalia nyuma, unasubiri. Diski imechorwa michirizi. Yaani breki ya kushoto ilikuwa nusu ipo, nusu haipo.

Nikakaa chini pale pale vumbini. Kosa la mwanafunzi wa siku ya kwanza, na limefanywa na mtu anayeijua breki kuliko anavyolijua jina langu. Na si utani: mwezi uliopita aliniita kwa jina la shangazi, mara mbili, nikamtania kwamba nimezeeka ghafla. Leo nimelia kidogo. Kisha nikafuta mikono, maana hata kinyozi ana mwisho wa maneno.

Pedi nikaigeuza. Pistoni nikairudisha kwa kibano, nikafunga kila kitu. Nikaingia kwenye usukani na kukanyaga pedali mpaka ikakaza. Usipofanya hivyo, ukikanyaga mara ya kwanza inazama mpaka chini na gari halisimami. Hilo nalo nilifundishwa na yeye.

Nimwambie? Kaka kwenye simu anasema nisimwaibishe mzee, mradi nimeshatengeneza, yamekwisha. Rahisi kusema ukiwa mbali! Lakini kumwambia Taratibu amefunga pedi kinyume ni kumvua nguo mbele ya watu. Nimenyamaza.

Ijumaa, 9 Mei

Balaa, na nimejitakia mwenyewe. Baba kalizungusha gari mtaa mzima. Kimya! Linasimama kama limeshikwa mkono. Kaingia ndani kidevu juu: "Si niliwaambia zitazoea?" Akamwita mshonaji aje asikilize. Akasikilize nini? Hakuna cha kusikiliza, ndiyo raha yenyewe.

Mezani akatangaza: kesho tunakwenda kumwona mama mdogo. Ndugu wa mama, kapasuliwa tumbo, katoka hospitali juzi. Mama uso ukamng'aa. Njia ya huko naijua: ule mteremko mrefu, malori yakipanda, malori yakishuka. Nikasema nitaendesha mimi. Akaweka kijiko chini.

"Mtu anayefunga breki namna hii, anaendeshwa?"

Breki nilizozifunga mimi! Akaongeza kwamba siku atakayoendeshwa atakuwa amelala chali, na njia hataulizwa. Mama akamwambia aache mdomo mbaya mbele ya chakula.

Baadaye tunaosha vyombo nikamnong'oneza mama: zile breki… Hakuniacha nimalize. Aliniona jana kupitia dirisha la jikoni. Kivuli tu, kwa sababu ya mtoto wa jicho, lakini alijua ni mimi na alijua nafanya nini.

"Na wewe unadhani mimi napiga soga garini?"

Akaendelea kusugua sufuria. Duka la rangi mpya: nyoosha. Kona ya kwa mwalimu: kata. Taa zinachelewa: simama. Tangu mwaka jana anampa baba njia, na anampa kwa namna ambayo baba hajui kwamba anapewa. Nami nyuma huko nalalamikia redio!

Nikamwambia mama, kesho ni mteremko, si sokoni. Akasema anajua. Akasema mdogo wake anamsubiri, na mumewe akinyang'anywa usukani ataketi kwenye kiti kile cha sebuleni na hatainuka tena. "Hapo utakuwa umemwokoa nani, mwanangu?"

Mama halioni lori mpaka limfikie. Baba analiona, ila hajui anakwenda wapi. Wawili wanatengeneza dereva mmoja. Nilicheka. Kisha nikaogopa sana.

Jumamosi, 10 Mei

Naandika jikoni, mbiombio. Wako garini. Mama mbele, mkoba mapajani, matunda ya mgonjwa miguuni. Baba kavaa shati lake la kazi la zamani, limepigwa pasi na yeye mwenyewe. Injini inanguruma.

Nilimwomba tena aniachie usukani. Akaubusu ufunguo wa gari, akawasha gari, akaniambia niwahi kufungua geti, nikae nyuma kama mtu mwenye wazazi. Nikakumbuka: ufunguo wa kufuli la geti ninao mimi. Nikasema siuoni. Nimeingia ndani kuutafuta.

Nimeukalia.

Sijawahi kumdanganya baba ana kwa ana. Na nikiwazuia leo, kesho je? Nikisema ukweli, atajua nilijua, atajua mama alijua, na zile soga zote za njiani atazielewa. Nisiposema, mteremko uko palepale. Kaka hapokei simu.

Honi. Moja, fupi, ya adabu. Hivyo ndivyo alivyokuwa akiwaita abiria.

Mama kateremsha kioo. Anatazama dirisha hili. Sijui ananiona mimi au anaona kivuli.

Honi tena.

Baba anapaza sauti, anacheka: kitu hutafutwa kilipoachwa!

Mlango wa gari umefunguka. Nasikia viatu vyake uani. Anakuja kunisaidia kutafuta.