Dakika Ishirini za Utangulizi

Ngaramtoni, 6 Mei 2025

Mjukuu wangu Anande,

Nimekuficha jambo, nalitanguliza hata kabla ya salamu. Ushauri niliokupa kwa usaili wako wa umeneja wa bidhaa ulikuwa mbovu, nami nilijua. Miaka kumi na minane nilisaili walimu. Najua dakika zinavyomponyoka mtu anayeanzia mbali.

Hujambo? Moyo wangu umechoka. Daktari amesema nisipange mambo ya Krismasi. Barua hii ataileta Hans, kijana anayenisaidia hapa nyumbani.

Babu yako,
Elinami


Olasiti, 9 Mei 2025

Shikamoo Babu,

Pole sana na ugonjwa. Sisi wazima, Mama anakusalimu.

Nakujibu kwa karatasi kwa sababu kwenye simu ningekuvunjia heshima. Nilipewa nusu saa tu, Babu. Swali: ungeiboreshaje programu ya simu ya kuuzia mifugo? Babu Yoeli, baba yake Mama, alikuwa ameshanigawia muda kama anavyowagawia wageni anaowapandisha Mlima Meru: dakika tano uliza, tano chagua tatizo moja, kumi na tano suluhisho, tano funga. Wewe ukasema, "Mpandisha wazungu anajua nini cha ofisini? Msomi huanza na utangulizi."

Nikakufuata wewe. Dakika ya ishirini bado naeleza historia ya minada, dada mmoja kati ya wasaili akaniuliza, "Anande, na suluhisho?" Nikababaika mpaka muda ukaisha.

Alhamisi nina usaili kampuni nyingine. Niambie kwa nini ulifanya vile, nisije nikakaa pale nawaza hilo badala ya kujibu.

Mjukuu wako,
Anande


Ngaramtoni, 12 Mei 2025

Mjukuu wangu,

Marahaba. Salamu zimefika, na ndizi za Mama yako nimekula mbili.

Alhamisi mfuate Yoeli. Mgawanyo wake ningeupa alama zote. Weka saa mezani. Ikifika dakika ya kumi hujachagua tatizo, acha maelezo, chagua.

Kwa nini? Wivu. Yoeli ni mtu wa darasa la saba, na kila likizo ulikimbilia kwake Momela kwanza. Kila neno, "Babu Yoeli kasema." Mimi niliyekufundisha kusoma nikabaki wa kupewa shikamoo tu. Siku mbili kabla ya usaili alikuja hapa, kofia mkononi. "Mkwe," akasema, "tusimvute mtoto huku na huku. Hiyo nusu saa ni ndogo, atapotea." Nikamcheka. "Mkwe, hapa si mlimani." Akamaliza chai yake, akaondoka.

Jioni ya usaili, uliponipigia ukilia, nilinyamaza kidogo kabla ya kukupa pole. Ulidhani ni huzuni. Nilifurahi, Anande. Ulikuwa umenipigia mimi kwanza.

Babu yako,
Elinami