Nusu Yako Imenunua Bata

Mama Jovitha, mke wangu mpendwa,

Kwa heshima na taadhima, mimi mumeo, fundi baiskeli wa hapa Runazi na mwenyekiti wa nyumba hii (cheo nilichojipa baada ya wewe kukiacha wazi), ninakutangazia rasmi kwamba tangu juma lililopita nyumba yetu ina bata. Ni mmoja. Ni jike, kwa maelezo ya aliyeniuzia. Ni mweupe, ana doa jeusi kichwani kama mtu aliyeingia kanisani akasahau kuvua kofia. Ununuzi wake ulifanyika baada ya tafakari ndefu, kwa moyo mkuu, bila woga wowote. Alichaguliwa miongoni mwa wengi, na familia ilimpokea kwa shangwe.

Najua hapo ulipo umeshaanza kucheka. Subiri kwanza.

Najua pia unachotaka kuuliza. Si bei, maana bei hatuulizani. Unataka kujua bata kanunuliwa kwa hela ya nani. Kwa hela yako.

Barua hii naiacha wazi, na wapo watakaoisoma wasiotufahamu, kwa hiyo nivumilie niwaeleze mambo ya nyumbani kwetu. Kila mwisho wa mwezi tulikuwa tukikaa mezani, wewe na mimi. Tunatoa ya umeme, ya sabuni na chumvi, michango ya shule, ya kikoba, ya harusi za watu na misiba ya watu. Kinachobaki, kama kimebaki, tunakigawa katikati. Nusu yangu inaingia kwenye kopo la majani ya chai. Nusu yako inaingia kwenye kile kikombe cha plastiki kilichovunjika mkono, juu ya kabati. Kuanzia hapo hela hiyo si ya nyumba tena. Wewe uliipa jina: ya mwenyewe.

Na ikawa na sheria. Mwenye hela haulizwi bei wala haulizwi sababu. Halafu kitu kikishaletwa nyumbani, yule mwingine lazima akisifie siku hiyohiyo, na sifa iwe ya kweli. Mimi nilijaribu kukuomba turuhusu uongo kidogo, wa kusaidiana. Ukakataa. Ukasema kanisani tunakwenda Jumapili tu, lakini humu ndani tunaishi kila siku.

Mwezi wa kwanza baada ya harusi yetu hakikubaki kitu. Unakumbuka? Ukafuta meza kwa kiganja, ukakata hewa katikati, ukanisogezea nusu yangu, na ya kwako ukaifunga kwenye pindo la khanga ukakaza fundo. Nilicheka mpaka mama yangu akauliza kutoka nje tunachekea nini. Ukamjibu kwa adabu kabisa kwamba tunagawana mali.

Miezi ikapita, maharage yakakubali, baiskeli za watu zikapasuka matairi kwa wingi, Mungu awabariki. Nikanunua pama. Niliifuata Ngara mjini, na sikuijaribu kichwani kwa sababu muuzaji alikuwa ananitazama na mimi nikajifanya mzoefu wa kofia. Nilipofika nyumbani ikaniteremka hadi masikioni. Ulinizunguka kama mtu anayekagua ng'ombe wa mnadani. Nikaona kabisa umebanwa, sifa haipatikani. Mwishowe ukasema, "Inatia kivuli mpaka mabegani." Na kweli ilitia. Nimeivaa pama hiyo miaka yote hii kwa ajili ya sentensi moja.

Wewe ukalipiza kwa kengele. Mwanamke asiyejua kuendesha baiskeli, mke wa fundi baiskeli, mwenye mume mwenye kengele boksi zima, ukaenda kununua kengele ya baiskeli kwa fundi wa ng'ambo ya barabara. Kwa mshindani wangu! Yule bwana alivuka barabara mwenyewe kuja kunipongeza kwamba nina mke anayejua vitu vizuri. Kisha ukaipigilia kwenye mlango wa jiko. Nilishinda nayo kutwa nzima nikitafuta cha kusema, huku nimevimba. Chakula kilipoiva ukaipiga, nikaisikia kutoka kazini kwangu, nikaja nikala, nikakwambia, "Inasikika mpaka kwangu." Ukaandika hewani kwa kidole kwamba nimepita mtihani. Baada ya hapo ikawa ndiyo inayoniita kila mchana, na wateja wangu wakazoea: kengele ikilia, hata kama gurudumu limeshafunguliwa, fundi hayupo.

Siku moja nilikuuliza kwa nini unaishikilia sana sheria hii. Tulikuwa tunapukuchua mahindi. Ukanisimulia kuhusu mama yako, kule kwenu Kibimba. Ukasema hela yote iliyopita mkononi mwake ilikwenda kwenye chumvi, mafuta ya taa na madaftari yenu. Alipofariki mlikaa mkitaka kumzika na kitu alichokipenda, hamkujua ni kitu gani.

"Mama yangu amenunua chumvi maisha yake yote," uliniambia. "Sijui alipenda nini."

Kwa hiyo mimi sikuwahi kuichukulia sheria hiyo kama mchezo tena, ingawa tuliendelea kucheka.

Na wewe ulipenda bata. Hilo nalijua, na nalisema hapa mbele ya watu. Kila siku ya gulio ulipokuwa ukimaliza kununua vya nyumbani, ulikwenda kusimama upande wa kuku, pale wanapouza na bata wachache, ukawatazama wakitembea. Ukasema wanatembea kama afisa aliyekuja kukagua mradi ambao hajui uko wapi. Ulicheka peke yako mpaka wauzaji wakakuzoea. Lakini hukununua. Nikikuchokoza unanijibu kwamba bata ni wa siku utakapokuwa na hela ya kutosha kuwa mjinga kabisa. Mwezi huu kitambaa, mwezi ule hereni, mwezi mwingine ule mwavuli wa rangi saba ambao nilipata shida sana kuusifia. Bata akabaki wa mwezi ujao. Kisha ukaugua, na kisha ukatutoka.

Mama Jovitha, mimi sikuacha kugawa. Kila mwisho wa mwezi nimekaa mezani, nimetoa ya umeme na ya sabuni, na kilichobaki nimekikata katikati. Nusu yangu kopo, nusu yako kikombe. Sikuona ajabu yoyote. Aliyeona ajabu ni binti yako.

Jovitha amerudi nyumbani, hilo sijui kama nilikwambia. Amehamishia cherehani yake sebuleni kwetu, anashona sare za shule na magauni ya mashangazi wa maharusi, na ananitawala. Chai yangu siku hizi ina sukari ya kupimwa. Basi siku moja alipanda kwenye kiti kupangusa kabati, akashuka na kikombe chako kimejaa. Akanikalisha. Alizungumza kwa upole, na upole wake ndio ulionimaliza.

"Baba, mama hanunui tena. Na jiko linavuja."

Mvua za mwaka huu hazina mchezo, na kweli tulikuwa tunapika huku sufuria nyingine zikikinga maji. Nikatazama lile tundu, nikatazama kikombe, nikakubali. Nilikubali haraka hata yeye akashangaa. Lakini ndani yangu nilijua tunafanya nini. Hela yako ilikuwa inarudi kuwa ya nyumba. Kikombe kingekauka, kingeoshwa, mtu angekitumia kuchotea maji, na wewe ungekuwa umeingia kwenye hesabu ya chumvi kama mama yako.

Sasa turudi kwenye ile tafakari ndefu, na ule moyo mkuu.

Ukweli ni huu. Siku ya gulio nilitoka nyumbani kwenda kununua bati. Jovitha alinifungia hela yako kwenye kitambaa akanikumbusha mpaka getini, kama anayemtuma mtoto dukani. Nilifika, nikashika bati, nikaligonga kwa kidole jinsi ninavyoona mafundi wa nyumba wakigonga, ingawa sijawahi kujua wanasikiliza nini. Mwenye duka akaniuliza nachukua mangapi. Nikafungua mdomo, na kilichonijia ni chumvi. Nikamwambia narudi sasa hivi.

Sikuwa na mpango wa bata. Nilitafuta tu mahali pa kusimama, na miguu ikanipeleka pale ulipozoea kusimama wewe. Bata alikuwa amebaki mmoja, kwa hiyo ile habari ya kuchaguliwa miongoni mwa wengi ifute. Mama mmoja aliyetoka Nemba alikuwa amemfunga mguu kwa kamba ya katani, wamechokana wote wawili.

"Wa kufuga au wa kula?" akaniuliza.

"Wa mke wangu."

"Mwenyewe atampenda?"

Nikasingizia vumbi, nikafuta macho kwa ukingo wa pama, na asubuhi hiyo, Mama Jovitha, mvua ilikuwa imenyesha Runazi nzima. Vumbi lingetoka wapi. Nikalipa bila kuomba apunguze hata kidogo. Kwa kuwa unanifahamu, najua hapo ndipo utakaposhtuka zaidi. Yule mama mwenyewe alishtuka, akaniachia na kamba bure.

Kuhusu kutokuwa na woga: nilipita nyuma, kwenye mihogo, nimeshika baiskeli mkononi na bata ndani ya kikapu nimemfunika kwa kofia. Jovitha alikuwa amesimama mlangoni pa jiko ananisubiri.

"Shikamoo baba," alisema, kwa sauti ya mtu anayefungua kesi.

"Marahaba."

Akauliza bati liko wapi. Nikamweleza kwamba huyu bata ni wa mteja, ameniachia rehani kwa sababu ya tairi. Akaniuliza mteja gani. Watu wote ninaowajua wakanitoka kichwani, na bata naye akachagua wakati huo kupiga kelele chini ya pama. Basi nikamtoa, nikamweka chini, nikasema, "Ni wa mama yako."

Nikaanza kumsifia mimi mwenyewe, jambo ambalo sheria hairuhusu: angalia manyoya, angalia shingo. Kila nilichosema kilizidi kuwa kibaya. Na mvua ikaanza. Bata hakutungoja. Alitupita katikati kwa ule mwendo wake wa kukagua, akaingia jikoni, akasimama palepale lilipo tundu, akainua kichwa, akakunjua mabawa, akapokea maji yote kama yaliletwa kwa ajili yake.

Binti yako alimtazama muda mrefu. Mimi nilimtazama yeye. Nikaona pua yake inaanza kutetemeka, kama yako, maana cheko lako lilianzia puani.

"Angalau yeye," akasema, "jiko linamfaa lilivyo."

Hakuuliza bei. Hakuuliza sababu. Na sifa ilikuwa ya kweli, kila tone la maji lilishuhudia. Mimi sikuwahi kumfundisha sheria ile, kumbe miaka yote alipokuwa mdogo alikuwa anatusikiliza kutoka chumbani. Tulicheka mpaka tukalowa. Kisha akaipiga kengele yako, nadhani ili ujue.

Bati limeshapigwa. Limenunuliwa kwa kopo langu, na Jovitha ameongezea. Usinipe ushujaa wowote: hela hiyo nilikuwa naiwekea viatu vyenye ncha, na ungepata tabu kubwa kuvisifia. Bata amenuna tangu jiko likauke. Kikombe chako kimerudi juu ya kabati. Juzi nilipogawa, Jovitha ndiye aliyekata hela katikati, na ya kwako aliitia mwenyewe, kisha akasogeza kikombe kidogo kisianguke.

Nakuacha upumzike, mwanamke wa Kibimba. Ukikaa na mama yako huko mliko, nisalimie sana. Muulize alipenda nini. Mwezi ukiisha, kikibaki chochote, nitakwenda kumnunulia.

Mumeo,
Baba Jovitha, aliye chini ya pama