Kocha Alikuwa Nyuma Yangu

Husnah, banange, yaani jamani, nimeaibika!

Si unajua Kocha Oyet, anayenifundisha gofu, ananiambia tangu Januari kwamba nafumba macho nikipiga mpira? Nami nikashikilia kuwa fimbo zangu ni ndefu mno. Basi leo nikaenda kwa siri Nakawa, kwa fundi wa fimbo za gofu, nipate maoni ya mtu mwingine.

Akazipima zote. "Fimbo hazina shida, nyabo," akaniambia, yaani bibi. "Hebu piga nione."

Nikapiga. Mpira haukusogea hata kidogo.

"Nyabo, unafumba macho," fundi akasema.

Mimi? MIMI? Nikamwambia hata kocha wangu husema hivyo hivyo, ila yule ni askari mstaafu, anajua gwaride tu. Gwaride, Husnah! Nilisema hivyo!

Fundi akanionyesha video kwenye simu yake. Macho nimeyafumba kabisa, mdomo wazi, kama mtu anayechomwa sindano.

Mtu akasema nyuma yangu, "Hata mimi alinibishia."

Oyet! Alikuja kuchukua fimbo yake. Amesikia yote!

Akaniuliza tu, "Jumamosi saa moja asubuhi utakuja?"

Nikaitikia, "Ndiyo, kocha," kama mtoto wa darasa la kwanza.