Vioo Havikusogea

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na lile goti lako limepunguza kelele. Mimi mwili hauna neno, ila nina hasira tangu Jumanne, na nisipoimwaga humu nitavunja sahani.

Umeniandikia kwamba Mjomba, tangu aachishwe kazi, anapangusa vioo vya kabati lako kila asubuhi mpaka unaona haya kuvigusa. Umemlaani mkuu wetu wa maabara kwa kumtupa kaka yako baada ya miaka kumi na tisa. Endelea kumlaani, lakini bakiza kidogo.

Nikueleze kazi yenyewe, maana wewe husema tunalipwa kutazama giza. Tunapoza atomi kwa leza mpaka zinakaribia kutulia tuli, kisha tunazibadilishia masharti ghafla, tuone zinafanya nini kabla hazijatulia tena. Tunatafuta namba moja tu. Zungusha uzi mara moja kwenye nguzo inayogusa sakafu na dari, ufunge ncha zake. Uuvute, uulegeze, ule mzunguko hautoki mpaka uukate. Atomi nazo zina mizunguko ya namna hiyo, ambayo kutikiswa hakuiondoi. Kwa masharti mapya, hesabu zangu zilisema tutapata moja. Tukapata sifuri. Wiki sita nzima, sifuri.

Mkuu akataka mtu wa kulaumiwa. Fundi wa leza na vioo ni Mjomba, basi ikasemwa vioo vimesogezwa. Mjomba akajibu kwamba alivitia alama ya penseli na havijasogea hata unywele mmoja. Akaongeza kwamba sisi tunapiga picha moja ya atomi na kuridhika, ilhali yeye kila zamu amekuwa akipiga mfululizo, maana ameona vijizunguko vidogo vikitokea na kupotea. Picha hizo ndizo zilizommaliza. Iliandikwa kwamba anachezea mashine.

Jumanne nilizifungua. Nikazipanga, nikafuata kila kijizunguko kilikopita. Njia zake zilijifunga zikawa pete, na pete moja ilipita ndani ya nyingine kama za mnyororo, mara moja. Moja, Mama. Tulikuwa tukihesabu hali ya atomi zenyewe, nayo hushikilia namba yake ya zamani hata masharti yakibadilika. Namba mpya ilikuwa kwenye mwendo wa vijizunguko. Ile sifuri haikuwa kosa la kioo chochote.

Nikaenda mbio kwa mkuu. Akazitazama picha, akasema huu ni ugunduzi, tuuandike upesi. Nikamuuliza habari za Mjomba. Akasema yaliyopita si ndwele. Methali hiyo wanaipenda sana wasioumwa. Nikamwambia jina la Mjomba litatangulia kwenye maandishi hayo, na barua ya kumrudisha kazini itoke kwanza, la sivyo picha hazitoki kwenye droo yangu. Alicheka. Akafungua faili, akanigeuzia karatasi moja niisome.

Sikuhitaji kuisoma, Mama. Niliiandika mimi.

Mkuu alitaka mtu wa kulaumiwa, na mimi nilitaka hesabu zangu zisiguswe. Niliandika kwamba nimemwona Mjomba kwa macho yangu akisogeza vioo. Sikumwona. Niliandika mchana kweupe, kisha nikamsindikiza mpaka getini nikimbebea sanduku lake la bisibisi. Alikuwa ameshasomewa karatasi ile, na jina langu chini yake. Akanishukuru kwa kumbebea mzigo. Kumbe hata wewe hakukuambia.

Leo nimeandika nyingine ya kuikana, nimempa mkuu na nakala nimewapelekea walio juu yake. Huenda nami nikatoka na sanduku. Ile laana niliyokuomba ubakize, sasa unajua ni ya nani.

Msomee Mjomba barua hii yote, usiruke mahali. Nakuja Jumamosi, hata kama mlango utafungwa. Wasalimie wadogo zangu, ulitunze goti.

Ni mimi mwanao,
Mbishi