Bawabu Uliyemwacha Mlangoni

Mpendwa Baba Rukia,

Eda yangu imekwisha. Asubuhi nimefungua dirisha la juu, upepo wa Ndia Kuu ukaingia na harufu ya kahawa ya jirani, na kwa kitambo nikadhani ni yako.

Unaukumbuka ugomvi wetu wa alfajiri? Nilikuwa nikiamka na kuiamsha nyumba nzima: jiko, birika, chetezo cha udi. Wewe ukinicheka ungali kitandani. "Mwalimu, wawasha jiko hata mgeni hajaota kuja!" Nami nikikujibu kwamba nyumba baridi haina adabu.

Kompyuta ya ukumbi wa chini nayo ilikuwa na tabia yangu. Ukiiwasha, huduma zake zote ziliamka pamoja, zikajaza kumbukumbu yake hata siku ambayo hakuna aliyezihitaji, nasi tukamaliza chai kabla haijawa tayari. Ukazilaza. Ukanieleza kuwa kila asubuhi ataamka bawabu peke yake, programu ndogo ya kusikiliza mlangoni. Jirani akituma waraka kutoka kwenye simu yake, bawabu ataupokea na kuushika, ndipo aiamshe huduma ya kuchapisha.

"Na huduma hiyo ikiwa mgonjwa?" nilikuuliza. "Ingeamshwa alfajiri, ningejua mapema."

Ukakuna ndevu. "Hapo umenishika, bibie. Lakini mgeni haambiwi kwamba hakuna mtu. Atangoja kidogo tu, mara ya kwanza."

Sikukuamini.

Ulipoondoka, mtaa mzima ulinyamaza nami. Wale walioniletea barua zao nizisahihishe na kuzichapisha waliacha kuzituma, kwa kuistahi eda. Siku zikapita kama usingizini. Sikushuka ukumbini, wala sikuwa na moyo wa kuizima kompyuta yako. Rukia aliposema, "Mama, twende kwangu Kizingo, hiyo mashine tumpe mtu," niliitikia. Nilidhani kila kilicholala ndani yangu kimekufa.

Leo amekuja kunichukua. Masanduku yalikuwa tayari mlangoni, naye ameinama kukusanya nyaya, mara printa ikakoroma.

"Mama! Kumbe hii ingali hai?"

Tulisimama tukiitazama. Ilijinyoosha, ikatafakari, ikatoa karatasi polepole, kana kwamba inakumbuka ndoto. Ilikuwa barua ya kuomba kazi ya uuguzi. Salma wa nyumba ya pili alikuwa ametoa kichwa dirishani.

"Shikamoo, Mwalimu! Nilisikia umetoka eda, nikasema nijaribu. Kesho naipeleka."

"Marahaba. Barua hii uliiandika ukikimbia?"

"Ndiyo maana nimekutumia wewe!"

Nilicheka, Baba Rukia. Sauti ilinishtua mwenyewe. Macho yalikwisha kuliona kosa la kwanza, na la pili, na mkono ulikuwa ukipapasa mezani kabla sijauamuru.

"Rukia, kalamu yangu nyekundu iko wapi?"

"Ndani ya sanduku, Mama. Na gari langoja."

"Fungua sanduku."

"Mama, wewe waja au huji?"

"Nitakuja kukutembelea Ijumaa. Leo nina kazi."

Alinitazama sana, kisha akaanza kuzirudisha nyaya mahali pake, akitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, kama wewe.

Nimechelewa kidogo kuamka, mwenzangu. Ilikuwa mara ya kwanza.

Pumzika kwa amani. Mlangoni nipo mimi.

Mkeo,
Mama Rukia